Hakuna Aliyemuuliza Bi Stallworth

...na kijana wa watu ameshaanza kuzama, aliwaza Delphine, wembe ukiwa hewani, maana wakili akishasema "hilo ni swali zuri, Mheshimiwa" ujue jibu hana, anakoroga sufuria tupu ili wenye njaa wasikie mlio wa mwiko, na miaka yote hii ya kuchambua kesi za Mahakama ya Juu ndivyo ilivyomfundisha, naye ndivyo anavyowafundisha wasomaji wake, swali likisifiwa jua limechoma, "Inua kidevu, Baba," akasema, na baba yake akakiinua, mtiifu, taulo shingoni, shavu la kulia limeshanyolewa na la kushoto bado limejaa povu mpaka sikioni, huku kompyuta iliyowekwa mezani, kati ya bakuli la uji wa mahindi na kopo la sabuni, ikileta moja kwa moja sauti za majaji tisa walioketi upande wa pili wa mji huu huu wa Washington, mwendo ambao bila theluji angeumaliza kabla kahawa haijapoa, na leo ilimpasa awepo kule, kwenye mabenchi ya waandishi, aone nani kainama kumnong'oneza jirani na nani kaegemea kiti anatazama dari, kwa kuwa sauti peke yake hudanganya, lakini muuguzi wa Baba kakwama kwenye theluji, na Baba mwenyewe kaamka kabla ya jua akidai anyolewe, afungwe tai, viatu vipigwe rangi, "Leo nina kesi," akasema, na ajabu ya Mungu safari hii hakukosea... au alikosea kidogo tu, kwa miaka thelathini na kitu, kwani kesi ya leo ni ya mji mwingine na watu wengine, ila kinachoombwa ni kimoja, Mahakama itangue uamuzi wa Stallworth, na Stallworth ni ya Baba, ya Lucius Braddock, aliyesimama pale mbele ndani ya suti aliyoazima kwa shemeji yake, akashinda kwa kura moja, tano kwa nne, na tangu siku hiyo hakuna mamlaka ya nyumba za umma katika nchi hii iliyoweza kumtoa mpangaji wake nje bila kwanza kumwita na kumsikiliza.

"Tuseme," ilisema kompyuta, na Delphine akamjua mara moja, ni yule jaji apendaye mifano ya kubuni, hapitishi kesi bila kuleta mnyama, "tuseme mpangaji anafuga mamba kwenye beseni la kuogea, naye huyo lazima aitwe asikilizwe kwanza?" na watu ukumbini wakacheka kile kicheko cha adabu wanachomchekea mwenye joho, na Baba naye akacheka puani, povu likaruka mpaka kwenye uji, "Mamba! Enzi zangu alikuwa simba," "Baba usicheke, nitakukata," "Nikate, nikushitaki," "Utanishitaki kwa nani, majaji wako wote wamekufa," "Ndiyo maana nitashinda, mwanangu, marehemu hawaulizi maswali," na macho yake yakawaka vile yalivyokuwa yakiwaka mezani zamani, mpaka ungeapa yupo, yupo mzima, si yule wa juzi aliyetoka na ndala kwenye theluji akimtafuta mtu wa kumpeleka mahakamani, si yule aliyewasha jiko akasahau na pazia la Mama likaungua nusu... yupo, halafu hayupo, akaanza kuutazama wembe kana kwamba hajui ni wa nini, na simu ikatetemeka mezani, Hollis, mhariri wake, ambaye akipiga hata hasemi haloo, "Delphine, umesikia mamba? Nipe kichwa cha habari. Stallworth inakufa au haifi?" "Hata hawajafika katikati, Hollis," "Wenzetu wameshaandika inakufa," "Wenzetu hunusa mchuzi wakasema wameshiba," "Sawa, ila wanasomwa, mama, wanasomwa! Upande upi umeulizwa zaidi?" na jibu walilijua wote wawili, wachambuzi wa mahakama wana kanuni yao ya uvivu, upande unaoshindiliwa maswali ndio unaoshindwa, na tangu asubuhi maswali yamemwangukia huyu kijana, huyu anayeitetea Stallworth, jina lake nani, Teague, sauti nyembamba, kesi yake ya kwanza mle ndani, amefungua vizuri, "Mheshimiwa Jaji Mkuu, na iipendeze Mahakama," na hapa jikoni Baba akaisema naye neno kwa neno, midomo ikichezacheza chini ya povu, na baada ya hapo wakamrukia. "Nipe dakika chache," alimwambia Hollis, akakata, akasuuza wembe kwenye maji yaliyoanza kupoa.

Kwa sababu ataandikaje, ehe, ataandikaje kwamba inakufa na huku mwenye kesi kakaa hapa na taulo anasubiri kufungwa tai, ataandika tu, ameandika mangapi, ameandika kesi za watoto na kesi za waliosubiri kunyongwa kwa mkono usiotetemeka, hiyo ndiyo sifa yake, wasomaji humpenda kwa hilo, Delphine Braddock hana upande, Delphine hukuambia kura zitakavyoanguka, basi, na Baba alikuwa akimtania enzi ana akili zake zote, "Sisi tunapika, nyinyi mnaonja na kusema chumvi haikukolea," naye humjibu, "Asiyeonjewa huunguza, Baba," na Mama huwaambia nyamazeni nyote wawili, kuleni... Mama, na zile kalamu za unyoya wa bata bukini, Mahakama humpa kila wakili anayesimama mbele yake, Baba alirudi nazo mbili siku ile, moja ipo mpaka leo kwenye glasi pale dirishani, ya pili Mama aliichukua akawa anapakia siagi juu ya mikate mpaka ikabaki kijiti, na wageni wakishangaa Baba huwaambia angalau hiyo imewahi kulisha mtu, ooh, Mama, ungekuwepo ungesema nini kuhusu Alhamisi... la, asiifikirie Alhamisi, shavu kwanza, anyooshe ngozi kwa kidole hivi, ngozi imekuwa nyembamba siku hizi, inasogea yenyewe, asifikirie kwamba Alhamisi asubuhi gari la Holly Ridge, ile nyumba ya wazee, litasimama pale nje, kwamba chumba kimeshachaguliwa, kina dirisha, dirisha linatazama miti, yeye na Roberta wamelisemasema hilo dirisha kwenye simu mpaka likachakaa, Roberta kule Atlanta na yeye hapa, dada wawili na uamuzi mmoja, "Tumwambie lini?" alimuuliza Roberta, na Roberta akamjibu kama mtu aliyekwisha kulia na kumaliza, "Tumwambie nini, Delphine? Asahau kesho yake, tumwambie tena, alie tena? Mgonjwa haulizwi uji, anapewa," na yeye akanyamaza, na kunyamaza kule kukahesabiwa kura, mbili kwa bila, imepita, na ni uamuzi sahihi, aliwaza, ni sahihi kabisa, pazia limeungua, mzee katoka na ndala, na yeye hajalala usingizi wa kweli tangu majani yaanze kuanguka, kila sakafu ikilia anashtuka, hata ungewapelekea majaji tisa wangesema sahihi, tisa kwa bila, bila hata ya kuandika sababu.

"Ndugu wakili," ilisema kompyuta, na Delphine akausimamisha wembe, maana huyu sasa ni yule jaji mama mwenye sauti ya upole, anayekaa kimya muda wote akisoma kumbukumbu za zamani, na akiinua kichwa mtu huumia, "nimerudi nikasoma yaliyosemwa ukumbini humu siku ya Stallworth. Mmoja wa wenzetu waliotutangulia alimuuliza wakili wa yule mama swali jepesi. Alimuuliza, mteja wako angeitwa, angesema nini? Na wakili akajibu, ninamnukuu, 'Sijui, Mheshimiwa.' Hakujua! Wakili wake mwenyewe hakujua. Na sisi sote tunafahamu kwamba mwishowe yule mama alihamishwa hata hivyo, jengo lilikuwa limeshapangiwa kuvunjwa. Sasa nisaidie, kama kumsikiliza mtu hakubadilishi kitu, tumekuwa tukikilinda nini miaka yote hii?" na kijana Teague akasema, hasha, usilitamke tena, kijana, usilitamke, akalitamka, "Hilo ni swali zuri, Mheshimiwa," na vidole vya Delphine vikaenda vyenyewe kwenye kompyuta, kidole kimoja kina povu, amekata! akataka kuandika, Jaji amekata nukuu katikati, lile jibu lina nusu ya pili, kila mwanafunzi wa sheria aliyewahi kukesha na kesi hiyo anaijua nusu ya pili, na Teague anaijua, lazima anaijua, ni woga tu, iseme, iseme... "Hakuna aliyemuuliza," alisema Baba. Kwa sauti ya kawaida kabisa. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli la uji. "Sijui, Mheshimiwa. Hakuna aliyemuuliza," akarudia, taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto bila kumkaripia, halafu akamgeukia yeye, nusu uso mtu na nusu povu, akatikisa kichwa, "Siku nzima walizozana juu ya yule mama, Delphi. Wale wanasema atasema hivi, hawa wanasema atasema vile. Hata mimi! Mimi wakili wake nilikuwa nimeshamtungia la kusema, nimeliandika vizuri, nimelikariri. Halafu yule jaji mzee ananiuliza, angesema nini, nikaona... lo, hata mimi sikumuuliza."

Na hilo hakuwahi kulisikia, aliwaza Delphine, miaka yote hii, ameisoma kesi mpaka kurasa zikalegea, ameifundisha, ameichambua mara ngapi, wengine waliandika jibu lile lilikuwa werevu wa wakili, wengine wakaandika lilikuwa kuteleza kwa ulimi kulikoangukia pema, naye akaandika kwa ule mkono wake usiotetemeka kwamba ukweli uko katikati, na kumbe halikuwa werevu wala kuteleza, ilikuwa aibu, mtu mzima amesimama mbele ya nchi nzima na suti ya shemeji ikambana mabegani, ameona aibu, akaisema... na Bi Stallworth akamjia mbele ya macho, Bi Eunice Stallworth mwenyewe, maana alimwona, aliwahi kumwona, alikuwa msichana wa shule na Baba akamchukua kwenda naye siku ile mama huyo alipoitwa hatimaye kusikilizwa, chumba chenye taa za kulialia, maofisa watatu upande mmoja wa meza na upande wa pili mwanamke mfupi mwenye kofia ya kijani, anavua glavu zake kidole kimoja kimoja, akaulizwa, mama una la kusema, akasema analo, akawaambia habari za jiko, jiko lake, kichomeo cha tatu hakiwaki mpaka utie kiberiti, na usipojua gesi inavuja, na mtoto wa jirani huja kupasha chakula akitoka shule kwa kuwa mama yake yuko kazini, sasa yeye akiondoka nani atamwambia mtoto habari za kichomeo, na Delphine alikuwa ameketi nyuma akiona haya, akiwaza, sema la maana, bibi, baba yangu kakupigania mpaka kule juu na wewe unaleta habari za jiko, na wale maofisa wakaandika, wakamshukuru, na mwezi haukuisha wakamhamisha kama walivyokusudia tangu mwanzo, hakuna kilichobadilika, yule jaji wa sauti ya upole kasoma sawasawa... ila kwenye gari siku ile, wakati wa kurudi, Bi Stallworth aliegemeza kofia yake kwenye kioo akasema, "Haya. Sasa nitalala," na akalala kweli, akakoroma, na Baba akaendesha taratibu kupita kiasi ili asimwamshe, magari yakiwapigia honi nyuma, na Delphine alipotaka kuongea Baba aliweka kidole mdomoni.

Asiyekuwepo na lake halipo, si ndivyo watu wasemavyo, na huyu hapa yupo, aliwaza, yupo mbele yangu, namshika kidevu, pumzi yake ina harufu ya siagi, na tumemhukumu kama hayupo, mimi na Roberta, tukamtungia la kusema, atalia, atakataa, atasahau, tumelitunga vizuri, tumelikariri, na la kukariri likawa ndilo ushahidi... na kwa nini hukumuuliza, Delphine, usiseme ni kwa kumhurumia, sema kweli, humu hakuna anayekusoma, hukumuuliza kwa sababu unaogopa atakwambia sitaki, na akisema sitaki utampeleka hivyo hivyo, maana huna namna, umechoka, unampenda na umechoka, vyote viwili, na hapo utakuwa wewe ndiye umesimama mlangoni na amri mkononi, si dawa, si ugonjwa, si gari la Holly Ridge, wewe, bintiye, na hicho ndicho kinacholindwa, Mheshimiwa, kama bado unauliza, hulindi nyumba, nyumba huenda ikaondoka tu, unamlinda anayetoa amri asiitoe huku kageuza uso... hayo angeyaandika, hayo ndiyo angemwandikia Hollis, lakini maneno hayo akiyaandika sasa hivi yatakuwa uongo mtupu, na "Bwana Teague?" ilisema kompyuta, ndiye Jaji Mkuu, "taa yako nyeupe imewaka, muda unakwisha, jaribu kumjibu mwenzangu," na simu ikaanza tena kutetemeka mezani, Hollis, Hollis, inazunguka kwenye mbao kama mende aliyelala chali, "Hupokei?" akauliza Baba, "Anaweza kungoja," "Ni mahakama?" "Ni mpishi mwenye haraka, Baba," naye akafanya jambo ambalo katika kazi hii hakuwahi kulifanya akiwa na akili zake, alinyoosha mkono akapunguza sauti ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani mpaka wakawa mnong'ono tu, ukashindwa hata na mlio wa bomba la joto ukutani.

Akauweka wembe kwenye bakuli. Akavuta kile kiti kidogo, kile cha Mama cha kumenyea viazi, akaketi mbele yake, chini yake, magoti yao yakakaribia kugusana, na ikamjia namna ya kuanza, haikumjia kutoka kwenye vitabu, ilitoka kwenye meza hii hii, maana hapa jikoni ndipo Baba alipowasikilizia kesi zao walipokuwa wadogo, kesi ya kulala kwa rafiki, kesi ya baiskeli, na ile kesi kubwa ya mbwa, hakuna kuomba kwa kulialia, unasimama, unasema maneno yanayostahili, Mama na Roberta wakiwa majaji pamoja naye, na mbwa alishindwa, mbili kwa moja, mmoja aliyepinga akiwa Baba, aliyesoma hoja zake kwa sauti mpaka nyama choma ya Jumapili ikapoa, na Delphine alikwenda kulala bila mbwa na hakulia, hakujua kwa nini hakulia, sasa anajua. "Mheshimiwa Jaji Mkuu," akasema, "na iipendeze Mahakama," na mzee akaacha kutazama uji, mgongo ukanyooka pingili kwa pingili, akalivuta taulo likakaa sawa mabegani kama joho, akakohoa, "Endelea, wakili. Ila usiniletee mamba," "Sileti mamba, Mheshimiwa," akacheka, machozi yanamtoka, akayaacha yatoke, "Baba, nisikilize. Mimi na Roberta tumekaa tukaamua jambo linalokuhusu, na hatukukuita. Kuna nyumba inaitwa Holly Ridge, ya wazee, kuna watu usiku na mchana. Alhamisi linakuja gari. Mimi siwezi tena peke yangu, Baba, ningeweza ningekwambia. Chumba kina dirisha... achana na dirisha. Nakuuliza wewe. Unasemaje?" na hakuongeza neno, ulimi ulikuwa unamwasha aongeze, amsaidie, amtungie, akaung'ata, na pale mezani kijana Teague alikuwa bado amesimama, sauti yake nyembamba ikitafuta pa kushika, na simu ilikuwa inazunguka, na theluji ilikuwa inaanguka kwenye ngazi ambazo hakuna aliyezifagia, na povu kwenye shavu la kushoto lilikuwa limeanza kukauka pembeni, na Baba alimtazama, akamtazama sana, akainua mkono akamfuta povu lililokuwa kwenye kidole chake.

"Hilo," akasema, "ni swali zuri," na Delphine, ambaye kwa miaka yote hii amewaambia watu maana ya maneno hayo, akafunga mdomo na kungoja jibu.